Shangazi Muuguzi: Simsim, boda na sindano ya pajani

Barua za mwezi huu karibu zote zinanuka karanga. Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu mzio wa chakula, yaani aleji, na mtoto aliyevimba midomo arusini hapa Bombo, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Nimechagua tano.

*Asalaam aleikum Shangazi. Nina mkahawa Wandegeya, meza tisa, wateja wangu wengi ni wanafunzi. Mwezi uliopita binti mmoja aliagiza malakwang, ile mboga ya majani, na viazi vitamu. Akauliza kama kuna karanga, mhudumu akajibu hakuna. Kweli karanga hatukutia siku hiyo, tulitia simsim. Hajafika nusu ya sahani, sauti ikamkauka, midomo ikavimba, akatapika. Wasichana wangu wakamnywesha maziwa. Tukampandisha boda, tukambana katikati ya dereva na rafiki yake, akakimbizwa Mulago. Alipona, namshukuru Mungu. Mama yake alikuja kunishukuru badala ya kunilaani, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Sasa mteja wangu mmoja aliyekaa Marekani ananiambia kule mikahawa huweka sindano ya dharura ya mzio. Nami naitaka. Nainunua wapi, na nani ataipiga? — Mwenye Mkahawa, Wandegeya*

Waaleikum salaam, mwanangu. Nianze na boda, maana boda imenishtua kuliko simsim.

Mtu akishikwa na mzio mkali wa ghafla, mishipa yake ya damu hulegea yote kwa pamoja, na maji ya damu huvuja kwenda kwenye nyama. Presha inaporomoka. Damu inakaa miguuni, moyo unapiga patupu. Ukimsimamisha saa hiyo, au ukimkalisha wima ghafla, ile damu kidogo iliyokuwa ikirudi moyoni inakatika, na anaweza kukufia mikononi wakati bado unatafuta helmeti. Sasa tazama sisi tunavyombeba mgonjwa Kampala: tunamwinua, tunamtembeza hadi barabarani, tunampandisha, tunambana kama gunia la mkaa ili asianguke. Kila hatua hapo ni ya kumsimamisha.

Binti yako alitakiwa alale chali pale pale sakafuni, miguu imeinuliwa juu ya kiti. Kama kifua kinabana mpaka hawezi kulala, akae, lakini miguu inyooshwe mbele yake. Mwenye mimba alale ubavu wa kushoto. Anayetapika, kama binti huyo alipoanza kutapika, au aliyezimia, ageuzwe alale ubavu pia. Na asisimame hata akikuambia ameona nafuu, hata akiomba kwenda choo. Usafiri ndio uje kwake: speshohaya, gari la kukodi, yenye kiti cha nyuma ambacho mtu analala. Kama kuna boda tu, boda imfuate muuguzi imlete, kuliko kumpeleka mgonjwa.

Maziwa yaacheni. Najua tumelelewa hivyo, mtoto akimeza kitu kibaya anapewa maziwa. Koo linalovimba halitaki kitu cha kumeza, na maziwa yenyewe ni miongoni mwa vyakula vinavyowaletea watu mzio.

Sasa sindano. Dawa yenyewe ni adrenalini, ile ile ambayo mwili wako unaitoa ukikoswakoswa na taksi pale Clock Tower. Inakaza mishipa iliyolegea, inafungua njia za hewa, inaupa moyo nguvu. Inapigwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Bega si mahali pake, chini ya ngozi si mahali pake, na kwenye mshipa ni kazi ya wataalamu wachache walio na mashine ya kuangalia moyo. Mtu mzima hupewa nusu miligramu, yaani nusu mililita ya ile ampuli, kichupa cha kioo, yenye miligramu moja katika mililita moja. Dakika tano zikipita bila nafuu, anarudiwa. Hii si siri ya daktari bingwa. Imo katika mwongozo wa tiba wa Wizara ya Afya ya Uganda, sura ya kwanza kabisa, na ampuli yake imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni ya bei nafuu. Shida yake haijawahi kuwa bei, shida ni iko wapi wakati inapotakiwa.

Nikusimulie. Mwaka 2004 nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya serikali, sitaitaja. Kijana wa miaka ishirini na kitu alichomwa penisilini, nami ndiye niliyemchoma. Nilikuwa sijaitupa sindano bado aliponiambia, "Sista, viganja vinaniwasha." Mtu akikuambia hivyo baada ya sindano, acha kila kitu. Nilikimbilia kabati la dawa za dharura. Kufuli. Ufunguo alikuwa nao mkuu wa wodi, na mkuu wa wodi alikuwa amekwenda kula. Tulilivunja kwa spana ya mtungi wa oksijeni. Kijana alipona, na mimi nikaandikiwa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya serikali, barua ninayo mpaka leo. Katika kliniki yangu hapa Bombo adrenalini inakaa kwenye kikopo cha rangi nyekundu ukutani, nje ya kabati, kimefungwa kwa plasta tu. Kila anayefanya kazi hapa, hata mama wa usafi, anajua kilipo.

Kuhusu muda: daktari mmoja wa Uingereza alichunguza vifo vya mzio nchini kwao na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Kwa waliodhuriwa na chakula, muda wa kati mpaka moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 30. Kwa waliodungwa na wadudu, dakika 15. Kwa waliopewa dawa hospitalini, dakika 5. Wewe una bahati, Mulago iko mlimani hapo juu yako. Angekuwa Ntinda saa kumi na moja jioni, jamu peke yake ingezimaliza hizo dakika.

Mteja wako hakukudanganya, ila kule nako mambo hayako wazi hivyo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2013 ya kuzihimiza shule ziweke adrenalini ambayo haikuandikiwa mtu mmoja, na majimbo mengi yakaenda mbele yakaruhusu mikahawa, kambi za watoto na viwanja vya michezo kufanya hivyo. Hawalazimishwi. Daktari anaandika dawa kwa jina la biashara, wafanyakazi wanafundishwa, na anayemchoma mtu kwa nia njema analindwa asishtakiwe. Kanada, mjini Hamilton, jumba la maduka la Jackson Square lilianza mwaka 2014 kuwa nazo. Lakini wote hao hawatumii ampuli. Wanatumia peni, kifaa chenye dozi yake tayari ndani na sindano iliyojificha. Unakisukuma pajani, basi. Mwaka 2016 peni mbili za EpiPen zilikuwa zimepanda huko Marekani mpaka zaidi ya dola 600, watu wakapiga kelele hadi bungeni kwao. Tangu Agosti 2024 wameidhinisha pia adrenalini ya kupulizia puani, isiyo na sindano kabisa. Hiyo ndiyo ninayoiombea dua ifike kwetu na bei yake ishuke.

Kwako wewe leo hii: usinunue ampuli ukampa mhudumu. Kwanza, adrenalini ni dawa ya kuandikiwa, na kuchoma sindano ni kazi ya mwenye leseni. Pili, hata ungeruhusiwa, haifai. Kuna jaribio lilifanyika Kanada, likachapishwa 2001: wazazi walioonyeshwa namna ya kuvuta adrenalini kutoka kwenye ampuli walitumia sekunde 142 kwa wastani, na dozi walizovuta zilipishana vibaya sana. Wauguzi wa idara ya dharura walitumia sekunde 29. Wale walikuwa wazazi waliotulia mezani, hakuna anayekoroma mbele yao. Msichana wako wa zamu ya usiku, mikono ikitetemeka, atavunja ampuli na kujikata kidole.

Tafuta kliniki. Wandegeya zimejaa. Chagua ile unayoifikia kwa miguu, ingia, useme: nionyesheni adrenalini yenu. Usikubali kuambiwa "ipo", ishike mkononi, soma tarehe, tazama maji yake. Yakiwa na rangi ya waridi au hudhurungi, haifai tena. Uliza nani anakuwepo usiku na simu ipi inapokewa. Mkubaliane kwamba ukipiga, muuguzi anakuja mbio na kikopo chake, malipo baadaye. Andika namba hiyo kwa wino mkubwa ukutani karibu na pesa, siyo ndani ya simu yako, maana wewe siku hiyo utakuwa Owino unanunua vitunguu.

Halafu fanyeni zoezi. Nilifanya na mkahawa mmoja hapa Bombo unaouza gurusa na chai. Mara ya kwanza muuguzi wangu alifika baada ya dakika kumi na moja, kwa sababu kijana aliyetumwa alisimama kwanza kununua salio. Mara ya pili alikwenda kliniki isiyo yetu. Mara ya tatu dakika nne. Tulicheka sana, na mama mwenye mkahawa alimpa yule kijana soda.

Na jikoni kwako, mwanangu, kuna neno moja la kuondoa: "hakuna". Mhudumu asiseme hakuna. Aseme, "Ngoja nikamuulize mpishi," na mpishi ajibu kwa kutaja alivyotia, kimoja kimoja. Wewe unajua na mimi najua kwamba odii ya sokoni, ile rojo ya kusagwa ya kuungia mboga, mara nyingi ni karanga na simsim pamoja, na kwamba kinu kilichotwanga karanga asubuhi ndicho kinachotwanga simsim mchana. Mafuta yaliyokaanga kitu chenye karanga bado yana karanga. Kama huna uhakika, sema huna uhakika. Mteja mwenye mzio atakushukuru na kuagiza rolex, ile chapati ya mayai. Isipokuwa mzio wake ni wa mayai.

*Shangazi, mimi ni mpokea wageni katika loji moja kando ya Nile, Jinja. Mgeni kutoka Uingereza alinikabidhi karatasi: hali karanga, korosho wala simsim, na ana peni mbili za dawa begini. Mpishi wetu alicheka, akasema mzio ni maradhi ya wazungu. Mimi swali langu ni hili: mgeni akizidiwa, akiniomba nimchome kwa peni yake, nitajiingiza matatani? — Dada wa Mapokezi, Jinja*

Mwambie mpishi wenu kwamba yule binti wa Wandegeya si mzungu. Kisha umuulize kama hajawahi kuona mtu akivimba macho msimu wa senene. Mimi kila Novemba nawapata kliniki, wamejaza viganja vya senene wa kukaanga njiani, wanafika wanajikuna kama waliolala kwenye upupu. Senene wana protini inayofanana na ya uduvi na ya vijidudu vya vumbi vya godoroni, kwa hiyo mwili unaochukia kimoja unaweza kuchukia na kingine. Tena tunapoteza ushahidi wenyewe: mtu akila, akavimba, akafa usiku, jirani wanasema karogwa au kalishwa sumu, na mazishi yanafanyika kesho yake.

Huyo mgeni wenu hana madaha. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alikula mkate alioununua uwanja wa ndege wa London, ndani yake mlikuwa na simsim ambayo haikuandikwa kwenye karatasi, akafa. Tangu Oktoba 2021 Uingereza ina sheria inayoitwa kwa jina lake: chakula kilichofungwa dukani kabla mteja hajakichagua lazima kitaje viungo vyote na kuonyesha vile vya mzio. Kwa hiyo mgeni akiandika simsim kwenye karatasi, anaandika kitu anachokijua.

Kuhusu matata: dawa ni yake, kaandikiwa na daktari wake, kakuomba mwenyewe. Unamsaidia kama ungemsaidia mwenye pumu kufikia pampu yake. Lakini usisubiri azidiwe ndipo mjuane. Siku anapofika, unapompa ufunguo wa chumba, muombe akuonyeshe peni ilivyo na inakaa mfuko gani. Wageni wa aina hiyo hufurahi kuulizwa. Ile ya EpiPen ina kofia ya buluu, unaing'oa. Ncha ya rangi ya machungwa unaisukuma kwa nguvu kwenye paja la nje, hata juu ya suruali, mpaka isikike inalia tak, unaishikilia hapo huku unahesabu pole pole hadi tatu. Peni za kampuni nyingine zina hesabu yake, iko kwenye ganda. Kidole gumba kisikae kwenye ncha yoyote. Nimeona muuguzi mzima akijichoma kidole gumba kwa kushika kifaa kichwa chini, kidole kikawa cheupe kama chaki.

Baada ya hapo, hospitali, hata kama anacheka na kuomba bia. Mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye, dawa ikiwa imeisha mwilini. Ndiyo sababu anabeba mbili.

*Shangazi, je, Piriton haitoshi? — Msomaji, Kawempe*

Kwa mwasho, inatosha. Kwa koo linalofunga na presha inayoanguka, haitoshi, wala haidrokotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, haitoshi, hata zikipigwa zote mbili kwenye mshipa. Natamani wauguzi wenzangu wasome jibu hili mara mbili, kwa sababu wengi wetu mkono unakwenda kwenye haidrokotizoni kwanza kwa mazoea. Adrenalini kwanza, hizo nyingine baadaye ukipata nafasi.

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu ana miaka sita, kilo ishirini, karanga zinamdhuru vibaya. Hapa Arua karanga zimo katika kila kitu, hata uji wa shule. Mjomba wake aliye Uingereza alinitumia peni mbili. Naziweka kwenye friji. Moja imepita tarehe miezi minne. Je, niitupe? Na mwalimu wake anasema hawezi kuhusika na sindano. — Baba wa Mtoto, Arua*

Marahaba, baba. Zitoe kwenye friji leo. Adrenalini haipendi baridi kama isivyopenda joto. Inataka mahali pasipozidi nyuzi 25, gizani. Kwa Arua ya Februari hiyo ni kazi, najua. Bibi yangu alikuwa akiweka maziwa ndani ya chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa. Fanya hivyo nyumbani, peni ziwe ndani ya kopo kavu lenye kifuniko. Mtoto akienda shule, ziwe kwenye mfuko wa kitambaa kizito, na mfuko usiachwe kwenye gari wala dirishani.

Hiyo iliyopita tarehe usiitupe mpaka upate nyingine. Tazama kidirisha chake: maji yakiwa meupe safi, inabaki kuwa ya akiba, kwa siku ambayo hakuna kitu kingine. Inapoteza nguvu taratibu, haigeuki sumu. Ile nzima ndiyo ya kutumia kwanza. Na hakikisha imeandikwa 0.15, hiyo ndiyo ya uzito wake, ya 0.3 ni ya watoto wakubwa na watu wazima.

Mwalimu simlaumu. Mtu mwenye darasa la watoto themanini na zaidi, ukimwongezea sindano, lazima akatae. Uingereza kwenyewe shule ziliruhusiwa kununua peni za akiba bila cheti cha daktari kuanzia Oktoba 2017 tu, kabla ya hapo nao walikuwa wakirushiana mpira. Usimpelekee peni mwalimu peke yake. Nenda na muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu, na peni tupu ya kufundishia kama mjomba anaweza kuipata, hazina dawa wala sindano. Waacheni walimu waichome kwenye mapaja yao wenyewe, juu ya sketi na suruali, wacheke. Woga mwingi unaishia hapo. Mpishi wa uji awepo pia, yeye ni muhimu kuliko mwalimu mkuu. Mtoto wako abebe uji wake kutoka nyumbani, kwenye kikombe chake chenye jina, na asionjeshane na wenzake. Jambo jingine: akidhoofika siku moja akapelekwa kupimwa lishe, waambie mapema juu ya mzio wake. Ile lishe ya pakiti wanayopewa watoto waliokonda imetengenezwa kwa karanga.

*Shangazi Muuguzi, mimi ni boda wa stendi ya Matugga. Mwaka jana nilimbeba mzee aliyeshambuliwa na nyuki akikata mti. Alikuwa amekaa nyuma yangu, mwanawe kamshikilia. Kliniki ya kwanza walisema dawa imekwisha, ya pili imefungwa. Nikaendelea kuja Bombo. Nilimsikia analegea mgongoni kwangu. Tulipofika alikuwa amekwisha. Wenzangu wananiambia niliendesha polepole kwa sababu ya matuta. Nimeandika ili uniambie ukweli. — Boda, Matugga*

Barua yako nimeisoma jana usiku na leo asubuhi tena. Hukuendesha polepole.

Umeomba ukweli, kwa hiyo hutapewa nusu. Nimemwandikia mwenye mkahawa hapo juu kwamba mgonjwa wa namna hii hapaswi kukaa wima, na wewe utalisoma na kulala nalo. Lakini hukumkalisha wewe. Ndivyo tulivyofundishana sote, mimi mwenyewe nimepakia wagonjwa kwenye boda hivyo hivyo nikiwa kijana na magwanda meupe mwilini. Na hata mzee huyo angelala chali juu ya godoro, alihitaji sindano moja ya pajani, na sindano hiyo ilikuwa imekwisha mahali pa kwanza na imefungiwa mahali pa pili. Wewe ulipita milango miwili. Ukihesabu dakika, ungehitaji kuruka.

Kwa siku nyingine, maana Matugga nyuki hawaishi: kwanza mtoe mtu kwenye nyuki, mbali, kabla ya jambo lolote. Miiba ikwangueni haraka kwa ukucha au kadi, haijalishi kwa njia gani, muhimu ni haraka. Mwenye vipele tu anasafiri. Aliyelegea, aliyekaukiwa sauti, anayetapika, anayesema dunia inazunguka, mlaze kando ya barabara, wewe uje peke yako mbio unichukue mimi au muuguzi wangu. Kwako wewe hiyo ni safari moja ya bure, nitakulipia mafuta.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, nakaa na vijana wa stendi ya Bombo chini ya mwembe ulio mbele ya kliniki. Njoo, uje na wenzako wale wanaokulaumu. Tunafundishana kulaza mtu, na kwa kuwa barabarani hakuna viti, miguu yake tunaiinua juu ya helmeti zenu. Helmeti mbili zinatosha, zikiwekwa ubavu kwa ubavu.